Mistari ya Njano ya Ihembe

Mwesiga,

Salamu tulipeana asubuhi ukiwa na mswaki mdomoni, na hapa sizirudii. Sasa umekwenda Kayanga kukata tiketi na kununua begi jipya, kana kwamba lile langu la safari za Muleba lina upele. Mimi nimebaki hapa Kihanga mezani, mvua inapiga bati, kompyuta ya chama cha wakulima iko mbele yangu, na nina hasira nawe. Naandika kabla hazijapoa, maana zikipoa nitaanza kukuambia uvae sweta.

Habari za sweta sitaziandika kabisa. Mtu mwenye ndevu akikumbushwa kufua soksi, wa kuchekwa ni aliyemkumbusha. Wala sitakuambia ujihadhari na makundi mabaya. Huko Mwanza unakwenda kukaa chumba kimoja na watu wanaoandika programu za hospitali, na kundi baya kuliko hilo mimi silijui. Nina mambo mawili tu. La kwanza ni ulichoifanyia programu yangu ya kupokea kahawa Jumatatu. La pili ni lile ulilosema jana jikoni, kwamba kesho alfajiri unapanda basi moja kwa moja, hupiti Ihembe kumuaga baba yako, kwa sababu, kwa maneno yako mwenyewe, "Baba amekataa, Mama. Imekwisha." Ukaendelea kula ndizi zako. Wewe unadhani hayo ni mambo mawili. Mimi tangu mchana nayaona ni jambo moja.

Jumatatu nilikuomba kitu kidogo. Karatasi inayotoka kwenye printa ilikuwa inakata jina la mwisho la mkulima, na watu wa hapa ukimkata mtu jina la babu yake atakuja na shoka. Nikasema uitengeneze. Ulikaa, ukabonyeza, ukafunga, ukaniambia, "Tayari Mama. Na nimekusafishia ile mistari ya njano yote. Ilikuwa ni Baba tu, hajui kutumia kisanduku cha unyevu." Nikakushukuru. Nikakupa na kipande cha nyama nilichokuwa nimemwekea yeye. Msimu ulikuwa umefunguliwa siku hiyohiyo, nikawa na kazi juu ya kazi, na skrini nyeupe haimwiti mtu, kwa hiyo sikuangalia.

Leo nimeangalia kwa sababu nimeona kituo cha baba yako cha Ihembe kina sifuri. Jumanne unyevu sifuri, Jumatano sifuri, leo sifuri. Mwanangu, hakuna kahawa duniani yenye unyevu wa sifuri, hata iliyoungulia kwenye kikaango. Nikafungua nione huko kusafisha kwako. Masharti yangu yaliyouliza kama kilichoingia ni namba, umeyafuta. Kila kinachoingia umekilazimisha kiwe namba, kitake kisitake. Na mbele ya kila mstari ambao ungeweza kulalamika umepachika @, ile alama ambayo kwenye PHP, lugha tunayoandikia programu hii, huuambia mtambo unyamaze. Umezipachika nyingi hivi kwamba ukurasa mzima unaonekana umeota tetekuwanga. Miaka yote ile ya diploma, ada ya kahawa na maharage, na ulichorudi nacho ni ufundi wa kuziba mdomo.

Usidhani nakucheka kwa sababu sikijui ulichofanya. Hiyo alama mimi niliitumia kabla hujaota hizo ndevu. Hadithi yenyewe umeisikia kwa watu, maana ulikuwa bweni kidato cha kwanza, na kila anayeisimulia huanguka mahali palepale. Husema, "Mwaka ule kompyuta ilikosea, kahawa ikaoza." Wanasema hivyo kwenye mikutano, kwenye misiba, hata mchungaji aliwahi kuitia kwenye mahubiri. Kompyuta haikukosea kitu. Watu wanapenda kompyuta ikosee kwa sababu haina mjomba wa kuja kuitetea.

Ilikuwa hivi. Chama kilimleta mtaalamu kutoka mjini, kijana wa tai, atuwekee mfumo wa kupokea kahawa kwa simu. Jina lake siliandiki, wino ni wangu. Aliweka nusu, akala kuku, akaondoka, na simu yake haikupatikana tena hadi leo. Mimi nilikuwa karani. Kamati ikanitazama kana kwamba nilimzaa. Nikaanza kujifunza kwa karatasi nilizochapisha Kayanga, kurasa chache kila siku ya soko, nazisoma nikipalilia maharage, jembe huku, karatasi huku. Na siku moja nikaandika sharti langu la kwanza: kama unyevu ni chini ya kumi na tatu kwa mia, pokea, la sivyo, mrudishie mwenyewe akaanike. Nilifurahi, we! Nilimwonyesha mwenyekiti naye akasema "Ahaa," ile ahaa ya mtu anayesubiri chai.

Sharti lilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, maana sharti lenyewe ukilisoma halina kosa. Kosa lilikuwa kwenye kile kilichopelekwa mbele yake kihukumiwe.

Chama kilikuwa na kipima unyevu kimoja. Mwenyekiti alikifungia nyumbani kwake, kabatini, pamoja na vikombe vya mke wake vya wageni, kwa sababu ni kitu cha thamani. Kilitoka siku wakija wakubwa, kikapigwa picha, kikarudi. Kwa hiyo wapimaji vituoni walipima kama babu zao, kwa meno. Baba yako ndiye alikuwa gwiji wao. Anachukua punje, anaitia kwenye jino la nyuma, anafumba jicho moja. Ikigoma, kavu. Jino likizama, mbichi. Nakubali, hakosei mara nyingi, lakini mwanaume mwenye meno mazuri ni mzigo ndani ya nyumba. Nilimwambia aandike namba. Akanijibu mbele ya wapimaji wenzake, "Ma Mwesiga, meno yangu hayajasoma hesabu." Wakacheka wote, wapumbavu, na kuanzia hapo hakuna aliyeandika namba tena.

Wakaandika nini? Kila kitu. Simu za chama hazikuwa na salio la kupiga, zilikuwa na bando la programu tu. Wapimaji wakagundua kwamba kisanduku cha unyevu kinapokea maneno yoyote na kunifikishia mimi bure. Basi kikawa posta. "Kavu." "Mbichi kidogo." "Nani ana ufunguo wa ghala." Baba yako ndiye aliyekifanya barua kabisa. "Leta chumvi." "Nalala huku leo." Siku moja kwenye gunia la mkulima mmoja wa Ihembe, mahali pa unyevu, aliandika, "Umekula?" Mtu huyo wakati wa uchumba hakuwahi kuniandikia hata mstari mmoja. Nilicheka peke yangu ofisini kama kichaa, na sikumwambia aache. Hapo weka alama, mwanangu: nilijua kwamba kisanduku cha namba kinaingiwa na maneno, nikakifurahia.

Sasa, PHP ya wakati ule ilikuwa na tabia moja ya kinafiki. Ukiiuliza kama neno "mbichi" ni chini ya kumi na tatu, haikuambii kwamba swali lako halina maana. Inageuza "mbichi" kuwa namba, na kwa kuwa haioni namba yoyote mle ndani, inaandika sifuri. Sifuri ni chini ya kumi na tatu. Pokea. "Kavu" ni sifuri, pokea. "Mvua imelowesha magunia ya chini" ni sifuri, yaani kahawa kavu kuliko zote nchini, pokea. "Umekula?" pokea. Msimu mzima ulipita kwenye sharti langu zuri, na halikumrudisha mtu hata mmoja. Mimi nikadhani wakulima wetu wamejifunza kuanika.

Na maonyo yalikuwepo. Sharti lenyewe lilinyamaza, lakini pale programu ilipojumlisha ili ipate wastani, mtambo ulishtuka. Juu ya ukurasa ikatokea mistari ya njano ikisema kwa Kiingereza chake kwamba imekuta kitu kisicho namba, mstari fulani. Kila siku. Niliiona. Nilikuwa nimesoma kwenye karatasi zangu kwamba hitilafu husimamisha kazi na onyo haliisimamishi, nami kwa akili yangu fupi nikaelewa kwamba onyo ni ile minong'ono ya mama mkwe, unaiacha inapita. Kazi si inaendelea? Namba si zinatoka? Nikaendelea. Kisha mwenyekiti akaleta wageni, akainama kwenye skrini, akauliza, "Haya madudu ya njano ni nini?" Nikaona aibu. Sikuona aibu ya kukosea, kwa sababu sikujua kama nimekosea. Niliona aibu ya kuonekana. Nikatafuta kwenye karatasi zangu jinsi ya kuyaondoa, na nikakutana na hiyo @ yako. Wageni waliofuata walikuta ukurasa mweupe pee.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Siku ya kupakia, ghala lilipofunguliwa, harufu ilitutoa nje kabla hatujaona kitu. Magunia ya chini yalikuwa na joto, ukitia mkono unatoka na ukungu wa kijivu hadi kwenye kiwiko. Kiwanda kikaikataa kahawa yote, mbichi na kavu, maana ilikuwa imekaa pamoja. Kuna kina mama hapa walikuwa wakikimbia kutoa kahawa kwenye turubai kila wingu likipita, mgongoni mtoto, na kahawa yao ikatupwa pamoja na ya wavivu. Ndiyo maana wengine hadi leo hawaniitikii vizuri, na sina neno nao.

Kwenye mkutano wakamsimamisha baba yako, kwa kuwa magunia mabaya yalikuwa ya Ihembe. Wakamuuliza kwa nini alipokea kahawa mbichi. Akasema, "Niliandika mbichi." Basi, maneno mawili. Mwenyekiti akanigeukia mimi. Nilikuwa na karatasi zangu mkononi, zimechapwa vizuri, na kwenye karatasi Ihembe ilikuwa sifuri, sifuri, sifuri. Mwesiga, nilisimama mbele ya watu nikasema, "Hapa pameandikwa sifuri." Niliamini karatasi. Sikumwamini mtu ninayelala naye kitanda kimoja, ambaye meno yake nimeyacheka lakini uongo wake sijawahi kuusikia. Akanitazama, akaketi. Wakamtoa kwenye mizani.

Ilinichukua wiki nzima kuona kilichotokea, nikiandika "mbichi" kwa mkono wangu kwenye simu na kuitazama ikigeuka sifuri. Nilikwenda mkutano uliofuata nikawaeleza. Nikawachorea. Wakasikiliza kwa makini sana, wakapiga makofi, kisha kamati ikaazimia kwa kauli moja kununua kompyuta mpya. Ndiyo hii ninayoitazama. Hao ndio watu walionifanya niamini kwamba mtu anaweza kuelezwa jambo hadi mwisho na akatoka na kitu kingine mfukoni.

Baba yako akarudishwa kwenye mizani. Nyumbani hakusema kitu. Alikula, akalala, akaamka, akaenda shambani. Nami nikausoma ukimya wake kama PHP ya zamani: hakuna kitu, kwa hiyo sifuri, kwa hiyo hanitaki tena. Nikamjibu kwa ukimya wangu. Nilipika, nikaweka sahani, nikageuka. Tuliishi hivyo hadi maharage yakavunwa, watu wazima wawili, na wewe likizo ulirudi ukauliza kama kuna msiba. Mwishowe nikachoka, nikamuuliza kwa mdomo kama amenichukia. Alishangaa, kweli alishangaa. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uniulize ilikuwaje." Miezi yote ile. Yeye naye alikuwa amesoma ukimya wangu akapata sifuri yake.

Sikuandikii haya ili utoe chozi. Ninakuandikia kwa sababu baada ya hapo ndipo nilipoandika ile programu uliyoisafisha. Ulidhani ni fujo ya mama asiye na cheti. Ngoja nikuonyeshe ilivyokuwa, maana hukuisoma, uliifuta tu.

Kwanza inahifadhi kilichoandikwa kama kilivyo, herufi kwa herufi, kabla mtu yeyote hajakigusa. Kisha inauliza kama ni namba. Ikiwa ni namba, ndipo swali la kumi na tatu linaruhusiwa kuulizwa, si kabla. Na kwenye ile "la sivyo" ya mwisho kabisa, haipokei na hairudishi. Inasimama, inaweka mstari wa njano wenye jina la kituo na neno lenyewe, na haiondoki hadi mtu asome. Hiyo "la sivyo" ya mwisho ndiyo watu kama wewe mnaifanya debe la taka, kila msichokifikiria mnatupa humo, na debe lenyewe mmeliandika "pokea". Mimi debe langu limeandikwa "uliza". Na kisanduku kitupu nacho nimekitenga peke yake. Kitupu maana yake mpima bado hajang'ata. Sifuri ni jibu. Kitupu si jibu. Mtoto wa chekechea ukimnyima andazi anaijua tofauti ya kunyimwa na kutopewa bado, lakini mtu wa diploma haijui.

Na usiniambie kwamba lugha mpya zimerekebishwa. Nasoma, ninajua. Zimerekebishwa ili zipige kelele zaidi, nanyi mmejifunza kuzinyamazisha zaidi. Huko unakokwenda watakupa programu ya dozi za watoto kwa kilo. Muuguzi amechoka, mizani imeharibika, ameacha kisanduku cha uzito kitupu. Mkono wako mwepesi utakigeuza namba, mtoto atakuwa na kilo sifuri, na sharti lako sahihi kabisa litamchagulia dozi. Skrini itakuwa nyeupe. Wakubwa watakusifu kwa usafi. Nikikufikiria umeketi hapo unatabasamu, natamani nikukatalie safari mimi, si baba yako.

Sasa tuje kwake.

Ulipotangaza kazi ya Mwanza tulikuwa tunakula wote watatu. Aliweka tonge chini, akanawa, akachukua panga, akaingia migombani akakata majani makavu hadi giza. Kesho yake akaenda Ihembe kufungua kituo, na analala huko kulinda kahawa. Hajarudi. Hayo ndiyo yote yaliyotokea. Nakuuliza kama ningekuuliza kwenye mtihani: alisema nini? Hakusema kitu. Kisanduku ni kitupu. Wewe umekichukua kitupu, umekilazimisha kuwa "hapana", umekipitisha kwenye sharti lako, na tiketi iliyo mfukoni mwako ndiyo "pokea". Hata @ hukuisahau: nikikutajia jina lake unasema "Mama, basi."

Sitakuandikia ule upuuzi wa akina mama wengine, kwamba baba yako anakupenda ila hawezi kusema. Mimi sijui anafikiri nini. Nimeishi naye miaka yote hii na bado sijui. Inawezekana amekataa kweli. Inawezekana ulimuudhi kwa kusema "nimeshakubali kazi" kabla hujasema "Baba, naomba ushauri." Inawezekana alikuwa anahesabu nani atapanda juu na mtaimbo kuvunja ghala lile la zamani mwaka huu, maana mtu huyo anaweza kufikiria kitu cha namna hiyo mwanawe akiondoka. Na kiburi chake nakijua. Sasa kila kituo kina kipima chake, yeye chake amekitundika kwenye msumari, hakijawahi kushuka. Simu yake mwenyewe huizima kutwa ili betri isiishe. Kupiga simu kwake ni kuomba, na kwa jadi ya kwao Nyakatuntu baba hamwombi mtoto. Lakini kuandika kwenye kisanduku ni kazi, na kazi haina aibu.

Unaanza kuelewa? Kama huelewi, hiyo diploma irudishe.

Mchana nimezitoa @ zako zote, moja moja, kama mtu anayetoa miiba. Nimerudisha masharti yangu kutoka kwenye nakala niliyoificha, maana nilishajua siku moja atakuja mtu wa kunisafishia. Yale maneno ya siku hizi tatu yalikuwa yamehifadhiwa, kwa sababu ile hatua ya kwanza ya kuhifadhi kitu kama kilivyo hukuiona, ungeiona ungeifuta nayo. Nikaiendesha upya. Mistari ya njano ikarudi, na ni kweli ulivyosema, karibu yote ni yake. Mingi ni ya kazi. Kahawa mbichi amewarudishia wenyewe kwa mkono, hakusubiri kompyuta imwambie, na kwa hilo ushukuru, la sivyo leo ningekuwa nakuandikia kutoka ghalani.

Mingine mitatu nitakuandikia hapa kama ilivyo.

Jumanne, Ihembe, si namba: "ya kutafuna ya mwesiga nimechemsha nimeanika bado mbichi".

Jumatano, Ihembe, si namba: "ya mwesiga mvua bado".

Leo asubuhi, Ihembe, si namba: "ya mwesiga kavu. anapita saa ngapi".

Kwenu Nyakatuntu mtu hafunguliwi njia bila kahawa ya kutafuna iliyofungwa na baba yake kwenye jani la mgomba. Hilo unalijua, ulilisimulia mwenyewe chuoni kuwafurahisha watu. Amekaa siku tatu anaitoa kwenye turubai na kuiingiza, mwanaume ambaye hata suruali yake haanui mvua ikinyesha, na kila siku ameing'ata na kutuandikia ilipofika. Na programu yako safi imepokea zote tatu: sifuri, sifuri, sifuri.

Sisemi kwamba hiyo ndiyo baraka. Namjua, anaweza kukupa kahawa kwa mkono wa kulia na maneno makali kwa wa kushoto, na ukapanda basi umebeba vyote viwili. Sijui. Na mimi sijamjibu, kwa sababu hakuuliza mimi napita saa ngapi. Nimezungumza na kijana wa boda pale njia panda, atakuja mvua ikikatika akupeleke Ihembe. Begi jipya liache hapa, halina haraka.

Ukitoka kusoma hapa, geuka utazame skrini. Mistari ya Ihembe iko juu kabisa, ya njano, na mtu wa kuifuta si mimi.

Mama yako, ambaye naye alipaswa kuuliza mapema,
Ma Mwesiga